Akuombacho Sicho Kimuumacho

Mwanangu,

Baba yako amenipigia simu kunijulisha kwamba umepata kazi ya uchambuzi wa biashara, na kwamba kampuni inakupeleka Geita kuwaandalia wenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu mfumo wa kompyuta. Hongera sana. Akaniomba nikupe maneno mawili matatu kabla hujapanda basi, kisha akacheka: eti mzee wa vitabu vya ushirika wa pamba atamwambia nini mtu wa kompyuta? Kompyuta siijui. Kazi yako naijua. Imefanywa huku kwetu, kati ya Mwadui na Rwamagasa, zamani sana kabla haijaingia kwenye matangazo ya ajira, na mara nyingi imefanywa vibaya, tukalipa sisi.

Neno langu ni moja, mengine yote ni maelezo yake. Mtu akikuita umtengenezee kitu, anachokuomba si kile kinachomuuma. Amekwisha kujipima mwenyewe, amekwisha kujiandikia dawa, wewe anakutuma dukani tu. Atasema, "Tunataka programu ya simu." Atasema, "Tunataka mizani ya kidijitali." Ukikimbia dukani umekuwa tarishi mwenye shahada. Rudi nyuma kwanza, uulize kinauma wapi, tangu lini, kinamuuma nani, na kwa nini ameamua kukuita leo wala si mwaka jana.

Wachambuzi wa biashara wana chama chao cha kimataifa, kilichoanzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2003, na wameandika mwongozo mnene juu ya kazi hii. Usome, una faida. Utakufundisha namna ya kukusanya mahitaji, kuyapanga, kuyathibitisha. Hautakufundisha nani anachukua marudio baada ya mawe kusagwa. Hilo utalipata kwa kukaa juu ya kiroba, na nitalifikia.

Nianze na pamba, maana ndiko nilikolelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Usukuma alipeleka pamba yake kwa wafanyabiashara, nao wakaifikisha viwandani kuchambuliwa. Ungemuuliza anataka nini angekujibu neno moja: bei. Na afisa angeandika hivyo kwenye taarifa, wakulima wanaomba bei ipande. Lakini bei ilipangwa juu, mbali na mnunuzi wa kituoni. Kilichomng'ata mkulima kila msimu, tena mbele ya macho yake, kilikuwa mizani. Aliona uzito unapotea na hakuwa na namna ya kuthibitisha. Basi wakulima wakafanya jambo dogo la ajabu: wakaweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, wasimame pale, waisome mizani kwa niaba ya mwenye pamba. Hawakujenga kiwanda wala hawakupandisha bei hata senti moja. Kutokana na juhudi za namna hiyo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya Paul Bomani, ambalo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika.

Fikiria tofauti ya maswali. Anayeuliza "Mnataka nini?" anaondoka na neno bei. Anayeuliza "Nionyesheni pamba inavyotoka shambani mpaka pesa ikafika mfukoni, hatua kwa hatua, na mahali mnapohisi mnapungukiwa mnisimamishe," huyo anasimamishwa kwenye mizani kabla ya saa sita mchana.

Ila usinisikie nikiusifu ushirika kupita kiasi. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya kuvichunguza vyama vya ushirika, kwa sababu wakulima walilalamikia ubadhirifu, upendeleo na wingi wa watumishi, na mwaka uliofuata shirikisho la Victoria likawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Mizani iliyokuwa ikichungwa isimpunje mkulima sasa ilikuwa mikononi mwa chama, na hakuna aliyeweka mpimaji wa kukichunga chama. Kwa hiyo siku mfumo wako unapozinduliwa, watu wanapiga makofi na mkuu wa wilaya anakata utepe, wewe uwe na jibu la swali moja: nani ataupima huu baada yangu, na atampelekea nani malalamiko?

Sasa twende kwenye ng'ombe na majani. Hapa nitakaa, kwa kuwa sijaona somo la kazi yako lililo bora kuliko hili, na liko Shinyanga, si Ulaya.

Ardhi yetu ilichoshwa na mambo mengi kwa pamoja. Mapori yalifyekwa kuwafukuza mbung'o, pamba ikapanua mashamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikatafutwa mbali zaidi kila mwaka. Wakoloni walipoona hali hiyo wakaja na dawa yao. Kuanzia mwaka 1947, chini ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, watu waliamriwa kupunguza mifugo, kulima kwa matuta, kufuata kanuni juu ya kanuni, na faini kwa anayekaidi. Waliopanga hayo hawakuwa wajinga. Walikuwa na hesabu nzuri za ng'ombe na za ekari, pengine nzuri kuliko utakazozikuta Geita. Walichoacha kuuliza ni ng'ombe anafanya kazi gani katika nyumba ya Msukuma. Ni akiba, ni mahari ya kijana, ni chakula cha mwaka wa njaa. Kumwambia mtu apunguze ng'ombe bila kumwonyesha akiba yake aiweke wapi ni kumwomba abaki mikono mitupu. Watu walikataa, kwa ujanja kwanza, kisha kwa siasa. Chuki dhidi ya kanuni hizo iliipa TANU nguvu kubwa katika kanda hii, na mwaka 1958 watu wa Geita waliinuka waziwazi kulikataa baraza la wilaya la mseto wa rangi walilokuwa wakibebeshwa. Mpango ulikuwa umekufa kabla ya Uhuru.

Mwaka 1986 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule tuliouzoea kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway. Nao ulianza kama inavyoanza mingi: vitalu, miche, miti mingine ya kigeni, watu wagawiwe wakapande. Kilichowatofautisha ni kwamba hawakuishia hapo. Walipokaa na wanavijiji walikuta kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tangu zamani, ngitili. Unalitenga eneo la malisho mvua zinapoanza, hakuna mnyama anayeingia, nyasi na miti vinajiotea vyenyewe, kisha kiangazi kikiuma unalifungua kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Hakuna mche uliotiwa maji. Mizizi ilikuwa chini ya ardhi muda wote.

Kwa nini ngitili zilikuwa zimetoweka, kama ni nzuri hivyo? Hilo ndilo swali ninalotaka uondoke nalo. Zilitoweka kwa sehemu kwa sababu watu walihamishiwa vijijini miaka ya 1970, wakaziacha ngitili zao nyuma na zikabaki bila mwenyewe. Ujuzi haukupotea. Kilichopotea ni haki ya kukifunga kipande cha ardhi na kumzuia mwingine. Ukishajua hivyo, unaona kwamba kugawa miche kulikuwa kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833, nyingine za kaya na nyingine za kijiji, zimejaa kuni, asali, uyoga, dawa na nyasi za kuezekea. Ulinzi wake haukutegemea bwana misitu. Ulitegemea dagashida, mkutano wa jadi unaotunga masharti, na sungusungu wanaomkamata anayeyavunja.

Kwa hiyo katika kila ofisi utakayoingia, kabla hujachora chochote, uliza hivi: kabla ya tatizo hili kuanza mlikuwa mnafanyaje? Nini kilikatisha? Nani alikuwa akisimamia, na alipewa nguvu hiyo na nani? Mara nyingi utakuta jawabu limelala kwenye daftari la karani aliyestaafu, na kazi yako ni kuliondolea kilichokalia juu yake.

Haya, Geita.

Utashukia Katoro au Nyarugusu, na mwenye mtambo atakupokea vizuri, atakununulia soda, atakuambia, "Kijana wangu, naibiwa. Nitengenezee mfumo niwaone watu wangu nikiwa Mwanza." Usifungue kompyuta. Mwombe ruhusa ukae mwaloni kwanza, palepale mawe yanaposagwa na kuoshwa, ufuate kiroba kimoja tangu kinapotoka duarani, yaani shimoni. Utaona kinavyogawanywa kabla hakijasagwa: fungu la mwenye leseni, la mwenye duara, la mfadhili aliyetoa chakula, magogo na mafuta, na la wachimbaji walioshuka chini. Utaona kiroba kikiingia karashani, mashine ya kusagia mawe, mchanga ukioshwa, zebaki ikiushika unga wa dhahabu, kisha kipande kikichomwa na kupimwa. Na watu wote wataondoka wakidhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Zebaki haiikamati dhahabu yote, sehemu kubwa hubaki kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa. Huo ndio marudio, na kwa desturi ya sehemu nyingi marudio humbakia mwenye karasha au mwenye mwalo, ambaye huyauza au huyapeleka kwenye matangi ya sayanidi na kuvuna tena. Ndiyo maana ada ya kusaga inaweza kuonekana ndogo hadi ushangae mtu huyu anakula nini. Anakula marudio. Sasa rudi kwenye kilio cha yule tajiri aliyekununulia soda. Je, anaibiwa? Au kuna watu wanaoamini kwamba yeye ndiye anayewaibia, nao wanajirudishia chao gizani? Kama hakuna anayepima marudio yana dhahabu kiasi gani, mfumo wa kamera utaonyesha picha safi za ugomvi ambao haujulikani chanzo chake. Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake waliwahi kuishi na wachimbaji, nadhani.

Angalia pia ni nani hakuitwa kwenye kikao. Watakaokaa mezani ni wenye leseni na wenye mitambo. Wanawake wanaookota na kuchambua mawe kwenye mabaki hawatakuwepo, ingawa wanajua mwamba upi unalipa kabla ya mpimaji wa maabara. Mama lishe hatakuwepo. Mtafute, kunywa chai kwake, umsikilize. Daftari lake la mikopo linakuonyesha duara lipi limetoa mwezi huu na lipi limekauka, nani amelipwa na nani anazungushwa, na lina ukweli ambao hautaupata kwenye taarifa ya mwezi kwa sababu yeye akikosea hesabu halali usingizi. Usimtaje kwenye taarifa yako, utamletea matatizo.

Nikupe jambo la zebaki, kwa kuwa utakutana nalo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Umoja wa Mataifa, kupitia UNIDO, uliifanya Rwamagasa kuwa moja ya sehemu za mradi wake wa kupunguza madhara ya zebaki, pamoja na kufundisha matumizi ya vifaa vya kuchomea vilivyofunikwa, ili mtu asivute moshi wake. Afya ni jambo la kweli, zebaki inaua mishipa ya fahamu. Lakini simama pale mwaloni utazame. Kipande kinachomwa kikiwa bado ni mali ya watu watano au sita, na kila mmoja amekikazia macho. Ukikifungia ndani ya chombo cha chuma umemlinda mchomaji mapafu, na papo hapo umewaondolea wote ushahidi wao. Hapo tumerudi kwenye mizani ya pamba. Haja ya kuona ni hitaji halali kama haja ya kupumua, na ukiandika moja ukaacha jingine, kifaa chako kitaishia stoo.

Katika dhahabu kuna pia mfano wa swali lililoulizwa sawasawa, na sitaki kuuficha kwa sababu tu ulifanywa na serikali. Kwa miaka dhahabu ya wachimbaji wadogo ilivuka mipaka kwa magendo, na jibu la kila mara lilikuwa askari zaidi. Tarehe 22 Januari 2019 Rais Magufuli aliwakutanisha wachimbaji wadogo na wadau wa madini Dar es Salaam, akawasikiliza. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Mrabaha asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, kodi ya zuio asilimia 5, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Kwa hesabu ya harakaharaka ni 30 katika kila 100, tena bila soko rasmi la karibu, huku mlanguzi akija usiku na pesa taslimu. Mtu aliyetorosha dhahabu alikuwa anajua kutoa na kujumlisha, basi. Kodi mbili hizo za 5 na 18 zikaondolewa kwa wachimbaji wadogo, na tarehe 17 Machi mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la dhahabu Geita. Ukiona watu wengi wenye akili timamu wanafanya jambo ambalo mkubwa wako analiita ujinga au uhalifu, kaa chini ufanye hesabu ukiwa upande wao. Isipokupa jibu lilelile wanalolifanya, kuna namba hujaiona.

Namba zenyewe zichunge. Mwaka 2017 wewe ulikuwa bado shuleni, lakini hakuna mtu Kahama aliyesahau makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje. Makontena 277 yalizuiliwa bandarini, kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapima kilichomo, kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikaangalia uchumi na sheria, na kampuni ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi, faini na riba ya takriban dola bilioni 190. Kampuni ikakataa. Mwishowe Barrick, kampuni mama ya Acacia, ikakubali kulipa dola milioni 300 na ikaundwa kampuni ya Twiga, serikali ikiwa na hisa asilimia 16, mkataba ukatiwa saini Januari 2020. Huku katikati mgodi wa Bulyanhulu ulipunguza kazi na watu wakarudi majumbani. Siasa yake waachie wenyewe. Wewe tazama umbali kati ya bilioni 190 na milioni 300, ujue kwamba kila namba ina tumbo lililoizaa: sampuli ilichukuliwa wapi, na nani, imezidishwa kwa miaka mingapi, imeongezewa riba ya namna gani. Usiweke namba kwenye taarifa ambayo huwezi kuieleza hivyo mbele ya mtu anayekuchukia.

Juu ya wakubwa sina mengi. Usimsahihishe mkubwa mbele za watu. Mwendee faraghani, umpe heshima yake, kisha mwulize: "Mzee, mfumo huu ukifanya kazi vizuri, mwaka mmoja tangu leo utaona nini ambacho leo hukioni?" Akikosa jibu atalitafuta mwenyewe, na ombi litabadilika bila wewe kumpinga. Na andika taarifa yako kwa Kiswahili hata kama utatakiwa kuiandika na kwa Kiingereza, halafu uirudishe kwa watu waliokueleza, uwasomee kwa sauti. Watakukatiza. Hapo ndipo kazi yako inaanza kuwa kazi.

Kuna ofisi moja, sitaitaja, ilileta mfumo wa kuwalipa wakulima kwa simu. Kila mkulima aandike namba yake. Kwenye karatasi ilipendeza. Kijijini, wazee wengi waliandika namba ya mtoto aliyeko mjini, na kina mama waliandika namba ya mume. Pesa zilifika haraka kuliko wakati wowote, kwa watu ambao hawakulima. Mchambuzi alikuwa amekusanya mahitaji yote ya ofisi na hakukosea hata moja.

La mwisho ni kazi, ukipata nafasi siku za mapumziko. Pita Kahama. Mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009 na uzalishaji ukakoma mwaka 2021, na eneo lile likapangiwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Ukisoma makaratasi utaona ombi limeandikwa vizuri: viwanda, maghala, ajira. Usianzie kwenye makaratasi. Anza na waliouza nyanya na mchele kwa wafanyakazi wa mgodi, wenye nyumba za kupanga, waendesha bodaboda wa zamu ya usiku, mafundi waliolipwa kuchomelea vyuma. Waulize mwezi wa kwanza baada ya mgodi kunyamaza walipunguza nini, mwezi wa sita wakaacha nini, na nani kati yao hajaondoka mpaka leo na kwa sababu gani. Ukimaliza njoo na daftari nyumbani, tulisome pamoja, mimi na wewe na baba yako anayecheka.